Sukari Iliyomkosa Koleta

Watu waliomwona Tobias Lugembe sokoni Tabora, katika miaka ile ya mwisho ya utawala wa Mwingereza, walimdhania mganga. Nywele zilimfika mabegani, zimesokotana, zina vijiti vya porini na nta ya nyuki, na chini ya kichaka hicho kulikuwa na uso mpole wa mtu anayeuza asali. Akina mama wageni walimkwepa. Mimi sikumkwepa. Alikuwa shemeji yangu, mume wa dada yangu Koleta, na kwetu shemeji haogopwi, anataniwa.

"Kichaka," nilikuwa nikimwita, "leo umelaza ndege wangapi humo?"

"Waliokuwepo wamehama, Getruda. Wanasema wanaogopa mdomo wako."

Watu walicheka. Lakini utani wangu kwake ulikuwa na mwiba ndani, na yeye aliujua, na kila mara aliupokea bila kulalamika. Hilo ndilo lililoniudhi zaidi. Mtu ukimchoma, mwache basi alie kidogo.

Habari ya nywele zile ni habari ya damu, kwa hiyo nitaanzia kwenye damu. Na kabla ya damu kuna bibi yetu.

Sisi ni watu wa Kwihara. Njia ya zamani ya misafara imepita pembeni mwa mashamba yetu, na mpaka leo ukilima upande ule jembe linaibua ushanga. Babu yetu aliipita njia hiyo akiwa mpagazi, pembe ya ndovu begani, kwenda pwani na kurudi, na safari moja ilikula mwaka na zaidi. Bibi alibaki. Muda wote babu akiwa njiani, bibi hakunyoa nywele. Alisema nywele za mke ni kamba aliyoishika mume kule mbali, na ukizikata umemwachia mtu wako porini. Babu alipofika, kazi yake ya kwanza baada ya kunywa maji ilikuwa kumketisha bibi uani na kumnyoa. Hapo ndipo safari ilihesabiwa kuwa imekwisha.

Mimi nilisikia hadithi hiyo nikacheka. Koleta aliisikia akaiweka moyoni. Ndivyo tulivyokuwa, tumbo moja, ziwa moja, na hatukufanana kwa lolote.

Tobias alitoka Usoke. Alishuka kwenye treni Tabora, akaja kwa miguu mpaka Kwihara kumuuzia baba mizinga, akamwona Koleta anatwanga, akasahau bei ya mizinga. Wakafunga ndoa kanisani. Baba akawapa kiwanja karibu na kwetu, kwa sababu Tobias alikuwa mtu wa porini, na mama alitaka binti yake asikae peke yake msimu wa kurina. Warina asali wakiondoka wameondoka. Wanaingia misitu ya kusini mwa Usoke, kuelekea Ugalla, wanalala huko majuma na majuma, na hakuna wa kukuletea habari ila nyuki.

Basi Tobias akiondoka, Koleta haweki wembe kichwani. Padre alipoambiwa alisema hayo ni mambo ya giza. Koleta akajifunga kitambaa, mambo yakaendelea gizani chini ya kitambaa. Tobias akirudi, anashusha mzigo, anakunywa maji, anamketisha mkewe kwenye kigoda na kumnyoa polepole, huku akimsimulia miti. Mtundu huu ulikuwa na maua hivi, mninga ule ulikuwa na nyuki wakali hivi. Nilikuwa nikipita makusudi kuwachokoza.

"Wewe mwanamume, wenzako wanakimbilia chakula, wewe unakimbilia kipara?"

"Chakula kipo kila siku," alinijibu, "huyu nimemkosa msimu mzima."

Nilitamani sana kuolewa na mtu wa namna hiyo. Nasema wazi, sina wa kumwonea haya sasa.

Mimba ya kwanza ya Koleta ilimwendea vibaya. Mtoto alizaliwa amekufa, na damu ikaanza kumtoka mama na haikutaka kukatika. Tulimpakia kwenye lori la mtu aliyekuwa akipeleka karanga mjini, tukamfikisha hospitali. Pale maabara alikuwapo Nassibu, kijana wa mjini, mtoto wa fundi cherehani wa Kiislamu, ambaye kazi yake ilikuwa kupima damu za watu. Akapima ya Koleta akasema ni kundi O. Likatafutwa kundi O. Tobias mwenyewe akatokea kuwa O, akakunja shati mpaka begani. Nassibu akachukua tone la damu ya Tobias akalikutanisha na maji ya damu ya Koleta kwenye kioo, na damu ile ikashikana mabonge kama maziwa yaliyochachuka.

Akaosha kioo, akarudia. Mabonge. Wakaletwa watu wa reli, wakaletwa walimu, wote kundi O, wote mabonge. Mimi nilipimwa nikaonekana ni kundi B, nikaambiwa nikae pembeni. Nikasema mimi ni ndugu yake, jaribu. Nassibu akajaribu kwa kunihurumia tu, na kioo kikasema vilevile. Sitasahau jinsi nilivyokitazama kile kioo. Wazee husema damu nzito kuliko maji. Siku hiyo niliona damu yangu inakataliwa na damu ya dada yangu, na hakuna aliyeweza kuniambia nimekosa nini.

Koleta alipona kwa rehema ya Mungu, damu ilikatika yenyewe. Alikaa kitandani wiki nyingi, mweupe viganjani, hana nguvu ya kushika kikombe. Nassibu alipeleka kichupa cha damu yake Dar es Salaam, na kutoka huko kikaenda Ulaya, maana hata daktari alikuwa hajaona damu ya namna ile.

Majibu yalipokuja tuliitwa sote watatu, Koleta, Tobias na mimi. Daktari alizungumza Kiingereza chake, kisha akamwachia Nassibu atueleze. Nassibu alikuwa na kipaji cha kueleza, sijui kwa nini hakuwa mwalimu.

"Dada Koleta," alisema, "chembe za damu ya kila mtu zimebeba juu yake vikamba vidogo vya sukari. Si sukari ya chai, ni sukari nyingine, ndogo mno. Mwili ndio unaovijenga, sukari moja inakaa juu ya nyingine. Ninyi watu wa Kwihara mnaijua nyumba ya tembe?"

"Tumezaliwa ndani yake," nikamjibu.

"Basi. Kuta zikishasimama, unaweka nini kabla ya udongo wa paa?"

"Boriti."

"Boriti. Na mwilini ni hivyohivyo. Kuna fundi wa kwanza, yeye kazi yake ni kuweka boriti, yaani sukari moja ya msingi. Karibu watu wote duniani wanayo. Mtu wa kundi O anaishia hapo, boriti tupu. Mtu wa kundi A ana fundi wa pili, anaweka udongo wa namna yake juu ya boriti. Mtu wa kundi B, kama wewe Getruda, fundi wake wa pili anaweka udongo wa namna nyingine. Ndiyo tofauti yote hiyo. Watu wanakufa kwa kuwekewa damu isiyo yao, na kisa ni sukari moja ya mwisho."

Akamgeukia Koleta, na sauti ikashuka. "Kwako wewe, boriti haikuwekwa. Ukipimwa haraka unaonekana O, kwa sababu huna udongo wa A wala wa B. Lakini hata ile ya msingi huna. Mwili wako haujawahi kuiona. Kwa hiyo ukiikuta katika damu ya mtu mwingine, na kila mtu anayo, unaichukulia kuwa adui. Hakuna anayeweza kukupa damu ila mtu aliyekosa kama ulivyokosa. Kwa kawaida huwa ni ndugu wa baba mmoja na mama mmoja. Ndugu yako ni huyu hapa, na huyu anayo."

 Koleta alinishika mkono, mimi niliyeharibu kwa kuwa na kitu.

Tobias ndiye aliyesema kwanza. Uso ulikuwa umechangamka, na nilipouona nikajua kuna balaa.

"Kwa hiyo ni sukari," alisema. "Mke wangu amepungukiwa sukari."

"Kwa maneno mepesi, ndiyo, lakini..."

"Sukari moja tu."

"Moja, bwana Tobias, lakini hiyo haili..."

Hakumsikia tena. Mwambie mvuvi mkewe amekosa samaki uone kama atakusikiliza. Huyu alikuwa mrina asali, mtoto wa mrina asali, na katika maisha yake yote hakuna mtu aliyewahi kumwambia kwamba ana dawa ya jambo lolote. Sasa daktari wa Ulaya amesema mkewe amekosa aina moja ya utamu. Nani anazijua aina za utamu kumzidi yeye? Tukiwa bado njiani kurudi Kwihara alikuwa akizitaja. Asali ya mtundu ni nyepesi. Asali ya mninga ina ukali nyuma ya ulimi. Iko asali nyeusi ya vichakani, iko ya nyuki wadogo wasiouma wanaoishi kwenye matundu ya miti, ile inayokaribia kuwa chachu. Moja kati ya hizo, alisema, itakuwa na sukari yenyewe. Kazi ni kuipata.

Fuata nyuki ule asali, ndivyo tunavyoambiana. Hakuna aliyemwonya kuhusu kuwafuata mno.

Akawa haonekani nyumbani. Zamani alikwenda porini msimu wa kurina, sasa alikwenda kila mti ulipotoa ua. Alikuja na chombo cha gome kimejaa, anamketisha Koleta, anamlisha asali kwa kijiko kama mtoto, anamtazama viganja kama vimepata rangi. Kisha anaondoka tena. Kule kunyoana uani kukawa kwa haraka, na mara nyingine hakukuwapo kabisa, kwa kuwa alifika asubuhi akaondoka jioni. Nywele za Koleta zikaanza kumzidi kitambaa.

Mimi nilikwenda kwa Nassibu nikamuuliza waziwazi. Akaniambia hakuna asali itakayofika huko. Koleta hakukosa sukari yenyewe, alisema, mwili unaweza kuitengeneza. Alichokosa ni fundi wa kuiweka mahali pake, na fundi huyo hupewi na chakula, unazaliwa naye au unazaliwa bila yeye. Nikarudi mbio kumwambia dada yangu. Nilimkuta anachambua mtama, tumbo limeanza kuonekana. Ndiyo, alikuwa na mimba nyingine.

"Najua," aliniambia. "Nassibu alinieleza siku ileile. Mimi nilisikiliza mpaka mwisho."

"Unajua, na unakunywa asali kama nyuki malkia?"

Aliacha mtama. "Getruda, nikimwambia haifai atafanya nini? Atakaa hapa ananitazama kama anayekesha na maiti. Akienda huko, anakwenda na matumaini. Ninayapenda yale matumaini yake. Akiingia mlangoni na chombo chake, macho yale, mimi ninashiba kabla sijafunguliwa."

"Basi unataka aende."

"Nataka akae!" alisema, na nilishtuka, kwa sababu Koleta hakuwa mtu wa kupaza sauti. "Kila siku nataka akae. Nasikiliza njia mpaka masikio yananiuma. Lakini simtaki akae kwa kukata tamaa."

 Nilisaidia kuchambua mtama.

Daktari hakuwa mjinga, alipata njia. Kama hakuna damu ya mtu inayomfaa Koleta ila yake mwenyewe, basi itatolewa yake mwenyewe, kidogo kidogo, majuma machache kabla ya kujifungua, ihifadhiwe kwenye friji ya hospitali. Akitokwa na damu, atarudishiwa ileile. Koleta alikubali papo hapo. Tobias alisimama.

"Kisima hiki hakijazwi na mtu," alisema, "nanyi mnataka kukichota?"

Nassibu akamweleza kwamba mwili huifidia ile iliyotolewa. Nikamweleza mimi, na sikutumia maneno ya kanisani. Mama akamlilia. Tobias alikuwa na adabu zake zote, akamwamkia kila mtu, na akakataa. Mwisho alipatana na daktari. Mitundu ya Ugalla ilikuwa imechanua, na katikati ya msitu ule kulikuwa na nyuki wadogo ambao hajawahi kurina asali yao. Aachwe aende mara hii moja. Akirudi na asali hiyo, Koleta akaila, basi wachukue damu watakavyo. Ruhusa ya mume ndiyo ilikuwa ruhusa siku zile. Daktari alishusha mikono.

Asubuhi aliyoondoka, Koleta alimsindikiza mpaka pale njia ya misafara inapokata shamba letu. Mimi nilikuwa nyuma na kuni, nikawaona. Hawakusema mengi. Tobias alimwondoa kitambaa, akashika zile nywele, akasema, "Nikirudi, hizi zote ni zangu." Koleta akacheka. Alibaki amesimama pale hata baada ya njia kuwa tupu, na mimi kuni zikanielemea nikampita.

Mvua za mwanzo mwaka ule ziliwahi. Huko Ugalla mito ikajaa, ikamfungia Tobias ng'ambo. Na mtoto naye akawahi. Hakuna chupa hata moja iliyokuwa kwenye friji.

Mchana ule sitausimulia wote. Mtoto alitoka mzima, wa kike, analia kwa hasira kama mimi. Halafu damu ikaanza. Nilimfuata Nassibu maabara nikamwekea mkono mezani. "Pima tena." Aliniambia, dada, haitabadilika. Nikasema pima. Akapima, machozi yanamtoka kijana wa watu, na kioo kikanionyesha mabonge yaleyale. Damu ilikuwa imejaa ndani yangu, nzuri, nyekundu, yenye nguvu ya kulima shamba zima, na dada yangu alikuwa chumba cha pili anaishiwa.

Niliporudi alikuwa na fahamu. Aliuliza, "Amefika?"

"Yuko njiani."

Akapeleka mkono kichwani, kitambaa kilikuwa kimedondoka. "Basi msininyoe," alisema. "Bado hajafika."

Tulimzika Kwihara na nywele zake. Wazee wa kike walitaka kuzinyoa wakati wa kumwosha, mama akasimama mlangoni na kuwaambia atakayegusa atagusana na yeye.

Tobias alikuja tumekwisha kutandua mikeka ya msiba. Alikuja kwa njia ile ya zamani, kwa miguu, mzigo begani, na kwa mbali niliona anatembea haraka, kama mtu mwenye habari njema. Ni mimi niliyekwenda kumpokea. Nilimwambia maneno mawili tu, Koleta tumemzika. Hakuangusha mzigo. Aliushusha taratibu, akaufunika kwa jani ili sisimizi wasiingie, ndipo akakaa chini, pale pale njiani. Nilitaka kumpiga. Nilitaka kumkumbatia pia, lakini kumpiga kulikuwa mbele.

Wafiwa wote walikuwa wamenyolewa, ikawa zamu yake. Mjomba akaja na wembe. Tobias akakishika kichwa chake.

"Yeye hakunyoa mpaka nirudi," alisema. "Na mimi sinyoi mpaka arudi."

"Mwanangu, wafu hawarudi."

"Basi sinyoi."

Akili ni nywele, kila mtu ana zake, wakasema wazee, wakamwacha. Ndivyo kichaka kilivyoanza.

Mtoto tulimbatiza Josepha, nikamlea mimi. Nilimwambia Tobias aende akafuate nyuki wake, mtoto si mzinga. Akaenda. Lakini kila msimu alirudi, akakaa kizingitini, akamtazama Josepha anacheza, akaacha chombo cha asali na kuondoka. Asali hiyo niliwagawia majirani. Sikuweka hata tone mdomoni, na uji wangu niliunywa bila kitu, kwa ukaidi. Nilimtania mbele ya watu nikamnyima kiti nyumbani. Na usiku, ajabu, nilimlilia Koleta kwa namna ambayo Tobias peke yake angeielewa, na yeye ndiye mtu ambaye sikutaka kuzungumza naye.

Josepha alipokuwa ameanza kusema maneno mengi, malaria ilimshika vibaya. Tobias alikuwa amefika siku hiyohiyo na chombo chake. Alipomwona mtoto midomo imepauka, alimbeba mgongoni akatembea naye mpaka Tabora, na mimi nikimkimbilia nyuma. Mji wote ulikuwa unazungumza Uhuru, watu wamekusanyika barabarani, wakatupisha kwa kuziogopa zile nywele. Kwa mara ya kwanza zilinifaa.

Nassibu, sasa mtu mzima mwenye watoto wake, alimpima Josepha. Nilimwona anasita. Nikaona kile kioo mkononi mwake.

"Ni kama mama yake?" niliuliza.

"Hapana," alisema. "Hana kasoro ya mama yake. Damu anaweza kupewa. Ni kundi B."

Muuguzi mmoja aliyekuwa akisikiliza akafungua daftari. "Mama aliandikwa O. Baba ni O." Akamtazama Tobias, akanitazama mimi, akatoa sauti ile ya puani ambayo wanawake wote tunaijua. O na O hawazai B. Nilikuwa nimekwisha kuvua kiatu kimoja nimpige nacho.

Tobias yeye hakuuliza swali ambalo mwanamume mwingine angeuliza. Sikuona hata kivuli chake kikipita usoni. Alimgeukia Nassibu akasema tu, "Getruda ni B. Nakumbuka siku ile. Mchukue Getruda."

Nikakunja mkono, nikafumba macho. Nilimsikia Nassibu akihangaika na vioo vyake. Nikasikia anaosha kimoja, anarudia.

"Fumbua, dada," alisema.

Kioo kilikuwa kimetulia. Hakuna bonge. Damu yangu na ya mtoto wa Koleta zilikuwa zimelala pamoja, laini, kama zilijuana.

Ilipokuwa ikinitoka kwenda chupani, Nassibu aliwaketisha Tobias na yule muuguzi akawaeleza, na nadhani alikuwa akijieleza na yeye pia, kwa furaha. "Koleta hakuwa O. Alionekana O. Kumbe siku zote alikuwa na fundi wa B, sawasawa na Getruda, walirithi nyumba moja. Fundi yule alikaa maisha yake yote na udongo mkononi, hana boriti ya kuuweka. Ndiyo maana hatukumwona. Koleta akampitisha kwa mtoto. Na mtoto kapata boriti."

"Kapata wapi?" aliuliza Tobias.

"Kwako, bwana. Wewe ni O, boriti tupu. Ile sukari ya msingi uliyokuwa ukiitafuta Ugalla ulikuwa nayo mwenyewe mwilini. Kwa Koleta haikuwezekana kuingia. Kwa mtoto imeingia. Wewe umetoa boriti, Koleta ametoa paa."

Tobias aliinamisha kichwa, kile kichaka kikamfunika uso. Mabega yakaanza kutikisika. Nilikuwa nimelala na sindano mkononi, siwezi kuinuka, na kwa mara ya kwanza tangu tumzike dada yangu sikuwa na neno la kumchoma nalo. Nilichotaka ni kumgusa.

"Shemeji," nilisema. Tangu msiba nilikuwa sijamwita hivyo. "Shemeji, sogea hapa."

Josepha alichukua siku kadhaa kurudiwa na rangi. Asubuhi alipoomba uji, nilimtilia asali ya baba yake, nikaonja kijiko kwanza kuona kama si moto. Ilikuwa ya mtundu, nyepesi. Kisha nikaazima wembe na beseni, nikabeba kigoda mpaka uani kwa hospitali, nikamwita Tobias.

"Kaa."

"Kwa nini?"

"Nakunyoa."

Alirudi nyuma hatua. "Getruda, nilisema mpaka arudi."

"Amerudi," nikamwambia. "Yuko ndani, anakunywa uji."

Alinitazama, akautazama mlango. Alikunywa maji kwanza, kikombe kizima. Ndipo akakaa, akainamisha kichwa, na mimi nikaanza, polepole, kama alivyokuwa akifanya yeye. Nywele zilianguka na vijiti vyake na nta yake. Josepha akatoka mlangoni na bakuli, asali puani, akasimama kumtazama mtu yule mwenye kipara.

"Mama Getruda, huyu nani?"

"Muulize mwenyewe," nilisema. "Ametoka mbali."